Naripoti kazini Shimanzi tarehe 1 Desemba: nilale wapi mwezi wa kwanza?

ChaiRangi – Jumanne 11 Novemba, usiku

Hamjambo watu wa Pwani. Kiswahili changu ni cha bara, mtanivumilia.

Nimepata kazi Mombasa. Miaka sita nimekuwa kwenye kiwanda cha chai huku Kericho, mwanzo kwenye mashine za kukaushia majani, baadaye chumba cha kuonjea, na sasa ghala moja la Shimanzi limenichukua nishughulikie sampuli za mnada wa chai. Kila wiki nimekuwa nikiona malori yakishuka Mombasa na magunia yetu, sasa ni zamu yangu kushuka nayo. Barua inasema niripoti Jumatatu tarehe 1 Desemba saa mbili asubuhi, na kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Hiyo miezi mitatu ndiyo inaninyima usingizi. Sitaki kulipa kodi na dipoziti, nisafirishe kitanda na meko kutoka Kericho, halafu mwisho wa Februari niambiwe asante, nenda salama.

Mombasa nimefika mara moja tu, 2014, safari ya shule. Tulilala darasani huko Shanzu, tukapelekwa Fort Jesus, tukala samaki, tukarudi. Kwa hivyo mkiniambia "iko tu hapo nyuma ya sijui wapi", mimi sijui wapi.

Nina shilingi elfu thelathini na nne za kunifikisha mshahara wa kwanza. Nauli nimeshaitoa kando, na za mama anayebaki na mwanangu nimezitoa pia. Ndugu Mombasa sina. Kuna mtu wa kwetu anaishi Mtwapa, ameniambia "njoo tu, tutabanana", lakini ana mke na watoto wanne ndani ya vyumba viwili, na mimi naijua "njoo tu" ikifika wiki ya pili inakuwaje.

Nimeangalia Airbnb. Nyumba ya chumba kimoja Nyali, nikiweka tarehe za Novemba, bei ni ya binadamu. Nikizisogeza Desemba inaruka, na kuanzia tarehe 20 mwenyewe amefunga kalenda kabisa. Kwenye Facebook nimeona bedsita "karibu na Shimanzi, ina kila kitu ndani", elfu kumi na mbili kwa mwezi, na kwenye picha kuna dirisha linaloangalia bahari. Mwenye tangazo anataka nitume elfu tano ya kushikilia kabla ya Ijumaa.

Sasa nauliza. Mwanamke peke yake, wa mwezi mmoja au miwili tu, hulala wapi huko bila kumaliza pesa? Nikitoka mtaa gani saa moja asubuhi sitachelewa Shimanzi? Na hiyo elfu tano nitume?

Jambo lingine, joto silijui. Hapa ninapoandika nimejifunika blanketi mbili.

---

YakheWaMakupa

Usitume. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Shimanzi ni matangi ya mafuta, maghala na reli. Hilo dirisha la bahari, ukilipata Shimanzi, utaona kreni za bandari na vumbi la malori.

Pili, yakhe, kabla ya kutazama bei tazama maji. Sisi tuko kisiwani. Shimanzi iko kisiwani. Ukilala Tudor, Tononoka, Makupa, Majengo, hata Ganjoni, waamka, wanywa chai, waingia tuktuk au waenda kwa miguu, umefika. Ukilala Kisauni au Bamburi ni lazima uvuke Daraja la Nyali, na saa moja asubuhi kila mtu wa ng'ambo ile yuko darajani aja mjini kama wewe. Ukilala Mikindani au Changamwe waingilia Makupa, pamoja na malori ya kontena. Ukilala Likoni, feri. Na Mtwapa hata si kwetu, ni Kaunti ya Kilifi. Huyo mtu wenu mpe shukrani, umtembelee Jumapili.

Wageni wengi hufuata bedsita ya elfu tano huko mbali, kisha nauli na foleni zikala zile walizookoa. Mwezi wa kwanza lala karibu na kazi, hata chumba kikiwa kibaya. Ukishaujua mji utahama mwenyewe.

---

ChaiRangi

Ahsante Yakhe, sijatuma. Lakini ameniandikia sasa hivi kwamba kuna mtu mwingine anaitaka na nisipotuma leo imeenda.

---

SandukuGetini

Huyo "mtu mwingine" namjua vizuri. Hata mimi nilishindana naye.

Ilikuwa 2022, nimetoka Machakos kuja kushika kazi ya vitabu vya hesabu kwenye hoteli moja ya Bamburi. Picha zilikuwa safi: kitanda, friji, mapazia ya buluu, bakuli la matunda mezani. Niliongea na mwanamume, mpole, anajua hata mahali pa kushukia. Akaniambia nitume elfu nane ya kushikilia. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo lilikuwa la mwanamke. Nikauliza, akasema ni mke wangu huyo. Nikaona sawa, watu wana wake.

Nilishuka basi saa kumi na moja alfajiri na sanduku moja la magurudumu, gurudumu moja limeshavunjika. Jengo lipo kweli, rangi ni ile ile. Nikamwambia askari wa getini naenda nyumba B4. Akaniangalia, akasema hapa tuna namba moja hadi kumi na mbili, herufi hatuna. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Mzee wa watu akavaa miwani, akazipitisha moja moja, akasema: "Hii ni ya juu kabisa, kwa daktari. Lakini hayo mapazia alishayatoa." Kisha akaongeza kwa upole, kama mtu anayekupa habari ya msiba: "Wewe ni wa nne tangu Pasaka."

Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa. Mzee akageuza mtungi mtupu nikakalia, akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, na hapo ndipo nilipopambazukiwa. Jioni nilipata chumba kwa wiki, kwa mdomo wa huyo huyo askari.

Kwa hivyo dada, hivi ndivyo nifanyavyo siku hizi hata nikimtafutia mtu mwingine. Mwambie mwenye tangazo apige simu ya video akiwa barabarani nje ya jengo, aingie nayo, apande ngazi, afungue mlango kwa ufunguo, afungue mfereji niuone ukitoa maji. Mwenye nyumba wa kweli atalalamika lakini atafanya. Wa uongo atakuambia mtandao ni mbaya. Na pesa hulipwa mlangoni, ufunguo ukiwa mkononi. Dalali naye akitaka chochote cha kukuonyesha, muulize kwanza ni ya nyumba ngapi, usije ukalipishwa kwa kila mlango.

---

BiMkubwaTudor

Mwanangu, karibu Mombasa. Sikupigii debe chumba changu, maana kina mtu hadi Machi, basi nisikilize bila wasiwasi.

Nyinyi watoto mwatafuta nyumba kwenye simu. Hapa vyumba vizuri havitangazwi. Mtu akiondoka, muuza mahamri wa mtaani yuwajua kabla ya mwenye nyumba, kwa sababu amekosa mteja mmoja wa asubuhi. Kwa hivyo usije Jumapili usiku ukaripoti Jumatatu. Njoo Ijumaa. Lala gesti siku tatu, utembee Tudor na Tononoka na miguu yako, uulize kwenye duka, kwa muuza mahamri, kwa fundi cherehani. Sema wewe ni nani, wafanya kazi wapi, wataka miezi mingapi. Usione haya kusema ni miezi miwili tu. Wako wenye vyumba ambao mtoto ameenda Ghuba au yuko chuoni, chumba kimekaa na kitanda chake, na wao hawataki mpangaji wa miaka. Wataka mtu mwenye adabu wa muda mfupi. Mimi ni mmoja wao.

Gesti yenyewe uichague kwa macho. Zilizo karibu na stendi za mabasi Mwembe Tayari ziko za heshima na ziko za mambo mengine. Ukifika mapokezi, wakikuuliza "wa saa ngapi?" kabla ya kukuamkia, geuka utoke. Usiku kucha utasikia milango.

Sasa ukipata chumba ndani ya nyumba ya Kiswahili, ujue ilivyo. Waingia kwa mlango wa mbele ulio na baraza, mna ukumbi mrefu wa kati, vyumba huku na huku, na nyuma ni uani. Choo, bafu na jiko viko uani, na ni vya watu wote. Si kama bedsita ambayo wafunga mlango wako na dunia yako imo ndani. Hapa ukipika samaki kila mtu yuwajua, ukikohoa usiku asubuhi waulizwa hali. Wengine hawaliwezi hilo. Kwa mtu asiye na ndugu mjini, mimi naona ni afadhali, lakini hilo ni lako.

Nyumba yangu lango lafungwa saa nne usiku. Mgeni wa kiume hukaa barazani. Pombe haiingii. Kanisa lako nenda, hapana akuulizaye. Adhana ya alfajiri utaisikia kana kwamba muadhini yuko juu ya kabati, ila ikifika wiki ya pili hutaamka tena.

Uliza feni ni ya nani na tokeni za stima zagawanywa vipi. Uliza dirisha laangalia wapi. Desemba ni kaskazi, upepo watoka kaskazini-mashariki, na chumba kilichofunguka upande huo utalala. Chumba cha nyuma kilichozibwa na ghorofa la jirani, hata wakikupa kwa nusu bei, ni tanuri. Na chandarua uje nacho.

La mwisho, na ndilo kubwa, ni maji. Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mfereji yatoka mbali, huko Mzima na Baricho, na huja yanapotaka. Siku nyengine twatumia visima, na visima vya hapa vingi vina chumvi. Ya kuogea si kitu, sabuni yakataa povu tu. Ya kunywa na kupikia ni lazima yawe matamu: ama uyakinge siku yanapokuja, ama ununue mtungi wa lita 20 kwa wenye mikokoteni. Mwenye nyumba akikuambia "maji yako", muulize maji gani.

---

MwanaLikoni

Mnaizungumza Likoni kama iko Tanga. Mimi nafanya kazi Ganjoni, nalala Likoni mwaka wa tisa huu. Mtembea kwa miguu feri halipi hata senti. Chumba chenye choo ndani nalipa pesa ambazo Tudor hupewi hata baraza. Alfajiri upepo wa kivukoni ni dawa. Mpeni dada habari kamili, msimfungie kisiwani.

YakheWaMakupa

Ikiharibika feri moja saa kumi na mbili jioni, tukutane hapa hapa uniambie ile dawa ya upepo wa kivukoni imekusaidiaje.

MwanaLikoni

Nazungumza na ChaiRangi, wewe nakujua.

Dada, mwezi wa kwanza wafuate hawa wazee wa kisiwani, sawa. Miezi mitatu ikiisha, ukishathibitishwa kazini, njoo nikuonyeshe vyumba upande huu. Ila uvuke kwanza jioni mbili tatu ule ule wakati wa kutoka kazini, uone kama roho yako yaweza umati.

---

KaraniMstaafu

Nimekaa ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya uchukuzi miaka kumi na minane, kwa hivyo mimi nauliza lingine: barua yako ya kazi inasema nini kuhusu nyumba?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ama ampe mfanyakazi makao ya kufaa karibu na kazi, ama amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Wengi hukwepa mazungumzo hayo kwa kuandika mshahara mmoja wa jumla na kusema nyumba imo humo ndani. Sheria inaruhusu mkataba uandikwe hivyo, lakini basi iandikwe, siyo mfanyakazi aje kuambiwa baadaye kwa mdomo. Soma karatasi yako tena. Kama haijagusa nyumba popote, andika ujumbe mfupi wa heshima kabla hujatia saini: unahama kutoka Kericho, unaomba kujua marupurupu ya nyumba ni kiasi gani, na kama wanaweza kukupa sehemu ya mshahara wa Desemba wiki ya kwanza. Wakikataa hujapoteza kitu. Ukishafika na sanduku lako, wanajua huna pa kurudi, na sauti yako inakuwa ndogo.

Halafu kuna hesabu ambayo vijana husahau. Desemba kampuni nyingi hulipa mapema, kabla ya Krismasi. Ukilipwa tarehe 20 utafurahi sana. Kutoka hapo hadi tarehe 31 Januari ni siku 42. Usiingie chumba cha bei kwa sababu mshahara umewahi.

Na ghala lina walinzi. Mlinzi wa getini anajua vyumba vya jirani kuliko dalali yeyote. Mpigie simu mtu wa ofisi aliyekuandikia, muulize wenzako wa bara walianzia wapi.

---

ChaiRangi – Alhamisi 13 Novemba

Nimesoma zote mara mbili. Yule wa bedsita nilimwomba simu ya video akiwa barabarani. Mtandao wake ni mbaya.

Barua yangu haisemi chochote kuhusu nyumba. Nimeandika kama Karani alivyosema, mkono ukitetemeka. Wamejibu "tutaangalia". Nimekata tiketi ya treni ya Alhamisi tarehe 27, ya usiku. Nitarudi kuwaambia.

---

ChaiRangi – Jumapili 21 Desemba

Nimerudi kama nilivyoahidi. Mtu anayesoma hii akiwa Kericho, Nyeri au Kisii na barua ya kazi mkononi, labda itamfaa.

Treni ya saa nne usiku kutoka Nairobi hukufikisha stesheni ya Miritini kabla hakujapambazuka. Mlango wa behewa ulipofunguka hewa ilinipiga usoni nikarudi hatua moja. Nilidhani ni injini. Ni Mombasa tu, saa hiyo ya usiku. Kiwandani ukifungua mlango wa mashine ya kukaushia unapata ule mvuke, lakini wa kiwandani unaufunga. Nilivumilia stesheni hadi kukacha, nikapanda matatu ya mjini.

Gesti nililipa elfu moja kwa usiku, upande wa Makupa. Waliniamkia kwanza, Bi Mkubwa, kwa hivyo nikaingia. Chumba kilikuwa na feni, kitanda na msumari mmoja wa kutundika nguo. Sikuhitaji zaidi.

Asubuhi ya kwanza nikaagiza chai ya rangi. Hapa mnisamehe, hii ni kazi yangu. Ilikuja kwenye glasi, nyeusi ya kufa, haina ule wekundu unaong'aa ukiiinua kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba, ukitikisa glasi unapasuka vipande vipande kama barafu. Nikavuta kidogo kwa mdomo. Majani yalikuwepo, nayasikia kwa mbali, halafu nyuma ya ulimi ikaja chumvi. Nikaenda jikoni nikamwuliza mpishi anatumia majani gani, akanionyesha pakiti. Majani ya kawaida, ya madaraja yale yale ninayoyaonja kila siku, huenda hata yamepita mikononi mwangu. Nikatazama sufuria: ndani imepakwa ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Akacheka akasema, "Ya leo ni ya kisima, mama. Matamu hayajaja tangu Jumanne." Miaka sita nimekuwa nikilaumu wapika chai wa mikahawa.

Basi kuanzia hapo kila nyumba niliyoingia niliomba kikombe cha maji ya mfereji kabla hata ya kuuliza kodi. Majengo, chumba cha elfu nne, dirisha zuri. Nikavuta maji kwa mdomo kama tunavyovuta chai, kwa kelele, nikayazungusha, nikaenda kuyatema uani kwenye mfereji wa maji machafu. Mwenye nyumba akaniuliza taratibu kama nimetumwa na watu wa afya. Tononoka, elfu saba, dalali ndiye alinipeleka: maji matamu kabisa, lakini dirisha liko hatua moja kutoka ukuta wa ghorofa la jirani, nikasimama humo dakika tano blauzi ikanigandia mgongoni. Tanuri. Nyumba ya tatu sikumbuki hata mtaa, ilikuwa saa saba mchana na nilikuwa nimeshaanza kumwaza yule wa kwetu wa Mtwapa.

Jumamosi jioni, Tudor, nikanunua mahamri mawili na mbaazi kwa mama mmoja anayepika mbele ya nyumba. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: nafanya kazi Shimanzi, nataka miezi mitatu, sina mume hapa, silewi. Hakunijibu. Aligeuza mahamri yaliyokuwa kwenye karai, akayaopoa, akamwita mtoto akamwambia, "Mpeleke huyu kwa bibi yako."

Chumba ni cha mwanawe aliye Qatar. Kitanda cha mbao, kabati, feni, dirisha limeangalia upande wa kaskazi. Elfu sita na mia tano kwa mwezi, dipoziti hakutaka, tumeandikiana kwenye daftari la shule na wote tukatia saini, na mama wa mahamri akatia yake kama shahidi. Tokeni tunagawana watatu. Uani kuna kisima na mapipa mawili yenye vifuniko. Nikaomba kikombe. Bibi akauliza, "Cha pipa au cha kisima?" Hapo nikajua nimefika. Cha kisima ni chumvi, cha pipa ni kitamu, na kila kimoja kina kata yake, ole wako uzichanganye.

Asubuhi natembea hadi kazini kabla jua halijapanda, jioni napanda tuktuk kwa sababu miguu hukataa. Lango ni saa nne kasorobo, siyo saa nne. Adhana bado naamka nayo, Bi Mkubwa, na wiki ya pili imeshapita. Sijui mimi nina kasoro gani.

Karani, pesa za mapema hawakunipa. Lakini siku ya kuripoti nilikuta barua nyingine mezani, marupurupu ya nyumba yameandikwa kando, si mengi, yanafunika chumba na tokeni. Mwenzangu aliyeanza siku moja na mimi hakuuliza, na yake imeandikwa jumla. Mshahara umeingia juzi Ijumaa tarehe 19. Siku 43. Nimezihesabu nikaziandika ukutani kwa penseli.

Yule wa kwetu nilimtembelea Jumapili iliyopita. Alinipokea vizuri sana, kwa sababu alijua naondoka. Kurudi kutoka Mtwapa nilikaa kwenye matatu nikaelewa kila kitu Yakhe alichosema. MwanaLikoni, nilivuka pia, jioni moja, kwenda na kurudi. Upepo ni kweli. Umati pia ni kweli. Tuongee Machi.

Nilikuwa nimekuja na nusu kilo ya majani yetu. Bibi sasa hamimini kabla sijaonja. Ananiletea kikombe cha kwanza, anasimama pale na birika mkononi akinitazama mdomo.

Bi Mkubwa, swali moja limebaki. Feni inapiga tiki-tiki-tiki kila ikizunguka, usiku kucha, na nikiizima siwezi kulala kwa joto. Nipake mafuta gani?

---

BiMkubwaTudor

Ya cherehani, mwanangu. Matone mawili tu. Na uizime kwanza.